Maria Montessori na Mazoea ya Darasani

Wanachuo wanaporudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha, huketi na wakufunzi wao wakaeleza waliyoyaona shuleni. Katika mazungumzo hayo, mwaka baada ya mwaka, nimekutana na makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wale waliokwenda na mbinu mpya tele, wakalikuta darasa lina taratibu zake za kuingia, kukaa, kugawa vitabu na kufuta ubao, wakazivunja zote kwa siku moja. Juma halijaisha, darasa limekuwa gulio, na mwalimu mwenyewe sauti imemkauka. Kundi la pili ni la wale waliozikuta taratibu hizo hizo wakazipokea zote, nzuri na mbaya, kama mtu anavyopokea nyumba ya urithi pamoja na panya wake.

Mimi mwenyewe nilikuwa wa kundi la pili. Nilipokuwa mwanachuo nilimkuta mwalimu wa darasa akisomesha kwa kuitikia: yeye husoma sentensi ubaoni, na watoto wote huirudia kwa sauti moja. Nikaendelea hivyo hivyo kwa majuma matano. Darasa lilipendeza kulisikiliza. Mpita njia angedhani kwamba humo mna wasomaji hodari. Siku moja, kwa sababu tu koo lilikuwa likiniuma, nilimwita mtoto mmoja mmoja aje aonyeshe neno kwa kijiti. Zaidi ya nusu hawakuweza kuonyesha hata neno moja. Walikuwa wamejifunza wimbo, si kusoma. Na jambo lililonitia haya zaidi ni kwamba katika andalio langu la somo, kila siku, mahali pa tathmini, nilikuwa nimeandika kwamba somo limeeleweka.

Je, mwalimu atajuaje ni mazoea gani ayavunje, na ni utaratibu gani aushike? Swali hili lilimkabili, kwa namna iliyo wazi kuliko kwa watu wengi, mwanamke mmoja wa Italia. Jina la Maria Montessori hutajwa mara nyingi vyuoni, aghalabu kwa ajili ya vifaa vyake vya mbao. Maisha yake hutajwa kwa nadra. Nitayasimulia hapa, na msomaji aniwie radhi nikikawia katika mwaka mmoja, 1907, na kuipita mingine haraka.

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na Ancona, upande wa mashariki wa Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa askari wa zamani na mtumishi wa serikali, mtu wa kushika desturi. Mama yake, Renilde, alikuwa mwanamke aliyesoma na kupenda vitabu, jambo lisilo la kawaida kwa wanawake wa miji midogo siku zile. Familia ilihamia Roma Maria akiwa bado mtoto.

Alipofika umri wa miaka 13 aliingia shule ya ufundi, ambayo wanafunzi wake karibu wote walikuwa wavulana, kwa nia ya kuwa mhandisi. Baadaye moyo wake ukageukia udaktari. Baba hakuridhia; mama akamwunga mkono. Mwaka 1890 aliingia Chuo Kikuu cha Roma, akaanza na masomo ya sayansi asilia, kisha akapita katika tiba. Kwa kuwa ilihesabiwa ni aibu mwanamke kutazama maiti iliyo uchi pamoja na wanaume, ilimbidi ajifunze kupasua maiti peke yake, saa za jioni, wenzake wakiisha kuondoka. Alihitimu mwaka 1896. Vitabu vingi husema kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa daktari nchini Italia. Si kweli, walikuwapo wachache waliomtangulia. Lakini hilo halipunguzi neno juu ya zile jioni alizokaa peke yake na maiti.

Kazi yake ya kwanza ilimpeleka katika nyumba za wagonjwa wa akili za mjini Roma. Humo aliwakuta watoto waliokuwa wakiitwa wapumbavu, wamefungiwa pamoja na watu wazima wagonjwa. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja aliyewatunza alilalamika jinsi watoto hao walivyokuwa walafi, maana baada ya kula walijitupa sakafuni kuokota makombo ya mkate. Daktari Montessori akatazama chumba kile, akaona kwamba hakikuwa na kitu kingine chochote cha kushika kwa mkono. Akaanza kusoma maandishi ya madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, waliofundisha watoto wa namna hiyo kwa kutumia hisi za mwili. Mwaka 1900 ikafunguliwa mjini Roma shule ya kuwaandaa walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili, naye akawa mmoja wa wakuu wake wawili. Aliwafundisha watoto hao mwenyewe mchana, na usiku aliandika aliyoyaona. Baadhi yao wakajifunza kusoma na kuandika, wakafanya mtihani wa shule za kawaida, wakafaulu.

Roma ikashangilia. Mwenyewe hakushangilia sana. Jambo lililomsumbua lilikuwa hili: ikiwa watoto waliohesabiwa kuwa hawafundishiki wameweza kulingana na watoto wazima katika mtihani, basi ni kitu gani kinachowazuia hao watoto wazima shuleni kwao? Naomba mwanachuo alitafakari swali hili kabla ya kuendelea. Ni rahisi mtu kufurahia ushindi wake. Ni vigumu kuugeuza ushindi huo kuwa shaka juu ya jambo ambalo kila mtu ameridhika nalo.

Katika miaka hiyo hiyo palikuwa na jambo jingine. Mwaka 1898 alimzaa mwana, Mario. Baba wa mtoto alikuwa Daktari Giuseppe Montesano, mwenzake katika kazi. Hawakuoana. Katika Italia ya wakati ule, mwanamke aliyezaa nje ya ndoa angepoteza kazi na heshima yote, kwa hiyo mtoto alilelewa na watu wengine mashambani, na mama yake alikwenda kumtazama bila kujitambulisha kuwa ni nani. Mario alikuja kuishi naye akiwa kijana wa miaka kama 15. Mwanamke aliyeyavunja mazoea mengi ya zama zake hakuweza kulivunja hili, na gharama yake ililipwa na mtoto. Silisemi kwa kumhukumu. Nalisema kwa kuwa wasifu wake huandikwa mara nyingi kana kwamba alikuwa sanamu ya marumaru.

Mwaka 1901 aliiacha shule ile, akarudi chuo kikuu kusoma falsafa na elimu ya nafsi. Kuanzia mwaka 1904 alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Roma. Alitembelea pia shule za msingi. Alichokiona humo ni madawati yaliyopigwa misumari sakafuni, na watoto wameketi kimya wakimtazama mwalimu. Wataalamu wa zama zile walijivunia dawati jipya lililopimwa kwa makini ili mgongo wa mtoto usipinde. Montessori, akiwa daktari, aliuliza ni kazi gani hiyo inayopinda migongo ya watoto wenye afya hata pahitajiwe dawati la kuizuia. Watoto wale aliwafananisha na vipepeo waliochomwa pini ubaoni.

Sasa tufike San Lorenzo. Huu ulikuwa mtaa wa maskini mjini Roma, wenye majumba makubwa yaliyojengwa kwa haraka na kutelekezwa, yakajaa watu wasio na kazi na wasio na pa kwenda. Shirika moja la majumba liliyanunua baadhi yao, likayatengeneza, likapangisha familia za vibarua. Wazazi walipokwenda kazini asubuhi, watoto wadogo ambao hawajafikia umri wa shule walibaki peke yao, wakicheza ngazini na kuchafua kuta zilizopakwa rangi mpya. Mkuu wa shirika, Edoardo Talamo, akaona kwamba kuwakusanya watoto hao katika chumba kimoja na kumwajiri mtu wa kuwaangalia kungegharimu fedha chache kuliko kupaka rangi kuta kila mara. Akamwomba Daktari Montessori asimamie. Kwa hiyo mojawapo ya shule mashuhuri kabisa duniani ilianza kwa ajili ya kuokoa chokaa ya ukutani. Ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907, ikaitwa Nyumba ya Watoto.

Waliokusanyika siku ile walikuwa watoto kama 50, wenye umri wa miaka mitatu hadi sita, wengi wao waoga na wanaolia. Mlezi wao alikuwa msichana asiyekuwa na cheti cha ualimu, na Montessori alifurahi kwamba hana, maana hakuwa na mazoea ya kuyasahau. Vyombo vya chumba vilikuwa haba. Palikuwa na kabati moja la kufungwa kwa ufunguo, ambamo mlezi alitoa vifaa asubuhi na kuvifungia jioni. Baadhi ya vifaa ni vile vilivyotumika na watoto wenye ulemavu wa akili. Marafiki walileta pia wanasesere na michezo. Montessori hakuwa mtu wa kukaa hapo kila siku, maana alikuwa na kazi nyingine. Alimwonyesha mlezi namna ya kuvitoa vifaa, akamwagiza asiingilie, bali atazame na kumweleza.

Katika kutazama huko yaliibuka mambo ambayo hakuna aliyeyatazamia. Watoto waliwaacha wanasesere wakavichagua vifaa. Msichana mmoja wa miaka kama mitatu alikuwa akitumbukiza vipande vya mti vya mviringo katika matundu yake, kila kipande na tundu linalomwenea, kisha akavitoa vyote na kuanza upya. Montessori alianza kumhesabia. Akawaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka. Msichana hakuinua macho. Akamnyanyua pamoja na kiti chake akamweka juu ya meza. Msichana akavikumbatia vipande vyake, akavipanga magotini, akaendelea. Alifanya hivyo zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, akatabasamu kama mtu aliyeamka kutoka katika usingizi mzuri. Wakati ule walimu wote waliamini kwamba mtoto mdogo hawezi kukaza fikira juu ya jambo moja kwa dakika nyingi.

Kisha kikaja kisa cha kabati, na kwangu mimi hiki ndicho kiini cha habari yote. Siku moja mlezi alichelewa. Jana yake alikuwa amesahau kulifunga kabati. Alipofika aliwakuta watoto wamelifungua mlango. Wengine wamesimama wakitazama, wengine wamekwisha chukua vifaa na kwenda zao kufanya kazi. Mlezi aliona ni wizi, na kwamba wanastahili adhabu. Montessori aliona jambo jingine: watoto wale walivijua vifaa, kila mmoja alijua anachokitaka, na walijua vinakaa wapi. Akaagiza kabati la ufunguo liondolewe, yawekwe makabati mafupi, yenye kimo ambacho mtoto hufikia, na yasifungwe.

Mwanachuo wa lile kundi la kwanza atakisoma kisa hiki aone kwamba ufunguo umetupwa, basi na kila kitu kitupwe. Hapana. Kilichoondoka ni ufunguo peke yake. Kila kifaa kiliendelea kuwa na mahali pake, na kwa kweli sharti hilo likawa kali zaidi kuliko mwanzo. Kila kifaa kilikuwa kimoja tu, na mtoto aliyekitaka wakati mwenzake anakitumia alingoja. Aliyekwisha kukitumia alikirudisha mahali pale pale, kikiwa tayari kwa mwingine. Bila utaratibu huo uhuru wa kuchagua usingedumu hata asubuhi moja, kwa kuwa hakuna awezaye kuchagua kitu kisichoonekana. Nionavyo mimi, ndipo hapa mizani yake ilipo, ingawa hakuiandika kwa maneno haya: utaratibu unaomwezesha mtoto kuendelea na kazi bila kumwita mwalimu aliushika, na mazoea yanayomfanya mtoto amngoje mwalimu aliyavunja.

Ukiisoma ratiba ya Nyumba ya Watoto ya miaka ile ya mwanzo utashangaa jinsi ilivyokuwa ya kawaida. Watoto waliingia saa tatu asubuhi. Walisalimiana. Walikaguliwa usafi wa mikono, kucha, masikio na meno. Walisaidiana kuvua nguo za juu na kuvaa mavazi ya kazi. Kisha walizunguka chumba kizima kuona kama pana vumbi au kitu kisicho mahali pake, wakalisafisha wenyewe. Hayo yalifanyika kila siku, kwa mfuatano ule ule. Wazazi nao walikuwa na masharti yao yaliyobandikwa ukutani: wamlete mtoto akiwa safi, wamheshimu mlezi, na kila juma waje kuzungumza naye habari za mtoto. Mwalimu yeyote wa shule zetu angejiona yuko nyumbani.

Pale alipobomoa, alibomoa kwa sababu. Aliyakataa madawati mazito akaleta meza ndogo na viti vyepesi ambavyo mtoto aliweza kuvibeba. Wakosoaji wakasema watoto watavigonga na kuviangusha. Yeye akajibu kwamba hilo ndilo jema la kiti chepesi: mtoto akikosea mwendo, kiti huanguka kwa kishindo, naye hujua kosa lake bila mwalimu kufungua kinywa. Dawati lililopigiliwa sakafuni huficha kosa la mtoto, halimfundishi kutembea.

Zawadi na adhabu hakuziondoa kwa nadharia. Ziliondoka zenyewe mbele ya macho yake. Alimkuta mtoto mmoja amewekwa katikati ya chumba kitini, amekaa bure kwa kuwa ameadhibiwa, na kifuani amevaa msalaba mzuri wa zawadi. Kumbe zawadi ilikuwa ya mtoto mwingine. Huyu mwingine alikuwa akipita huku na huku na kazi zake. Msalaba ulimdondoka, yule aliyeadhibiwa akauokota na kumwuliza kama hautaki, naye kwa kuwa alikuwa na shughuli hakuona neno. Zawadi ilimfaa asiyekuwa na kazi.

Kisa kingine huwasimulia wanachuo wangu kila mwaka. Siku moja Montessori aliamua kuwafundisha watoto namna ya kupenga kamasi. Aliwaonyesha jinsi ya kutoa leso taratibu, kuikunjua, na kupenga bila kelele. Alidhani watacheka. Walimtazama kwa makini mno, na alipomaliza wakampigia makofi. Watoto wale wa mtaa wa maskini walikuwa wamekaripiwa kila siku ya maisha yao kwa ajili ya pua chafu. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuwafundisha namna ya kuisafisha. Ni mara ngapi sisi hukagua usafi mstarini, tukamtoa mtoto nje kwa aibu, tukadhani kwamba tumefundisha usafi?

Hata ukimya, ambao shule zote zilikuwa zikiutaka, aliupata kwa njia nyingine. Aliingia darasani amempakata mtoto mchanga wa miezi minne aliyekuwa ametulia, akawataka watoto watazame jinsi alivyo kimya, na wajaribu kama wataweza kuwa kimya kama yeye. Wakajizuia wote, miguu na pumzi, hata sauti ndogo zilizokuwa zimefunikwa zikaanza kusikika. Baadaye aliufanya kuwa zoezi: watoto hunyamaza, naye huwaita kwa jina, mmoja mmoja, kwa kunong'ona kutoka chumba cha pili, na kila aitwaye huja polepole bila kugusa kitu. Ukimya wa kuamrishwa kwa fimbo na ukimya wa namna hii humfikia mkaguzi wa mlangoni kwa sura moja. Tofauti yake anaijua mtoto.

Kuandika kulimshinda yeye mwenyewe kwanza. Aliamini kwamba mtoto wa chini ya miaka sita hapaswi kufundishwa herufi, na hayo ndiyo yalikuwa mazoea yake ya kitaalamu. Akina mama wa San Lorenzo, ambao wengine hawakujua kusoma, ndio waliomwomba awafundishe watoto wao. Akakubali kujaribu. Alitaka herufi za mbao zilizochongwa vizuri kama zile alizozitumia zamani. Hakumpata fundi wa kuzitengeneza. Ndipo yeye na walezi wakakata herufi za karatasi ya msasa na kuzibandika juu ya karatasi ngumu laini, ili mtoto azipitishe kidole na kuhisi mwendo wake. Zikawa bora kuliko zile za mbao, maana kidole kikitoka katika msasa hujua kimepotea. Desemba ya mwaka huo, siku ya jua, walipanda juu ya paa. Akampa mtoto mmoja wa miaka mitano chaki, akamwomba achore dohani. Mtoto akachora. Alipoambiwa aandike, akaandika neno la Kiitaliano lenye maana ya mkono. Akapiga kelele za furaha, akaendelea kuandika maneno mengine sakafuni, na wenzake wakamzunguka wakidai chaki. Hakuna aliyewafundisha kuandika neno zima. Mikono yao ilikuwa imekwisha jiandaa.

Najua mwanachuo atasema: darasa langu lina watoto 80, watatu au wanne kwa dawati moja, na shule haina hata kabati. Ni kweli, na sitaki kumdanganya mtu kwamba San Lorenzo yote yawezekana katika chumba hicho. Lakini mwaka mmoja nilimkagua mwanachuo aliyebadili jambo moja tu. Alizikuta dakika nyingi za kila kipindi zikipotea kwa mwalimu kuita majina na kugawa madaftari. Aliiacha kengele, aliyaacha mahudhurio, aliuacha wimbo wa asubuhi. Aliweka boksi la katoni mwisho wa kila safu, madaftari ya safu ndani yake, na vizibo vya soda na vijiti vya kuhesabia katika mfuko kando yake. Kila mtoto akachukua alipoingia, akarudisha alipotoka. Siku tatu za kwanza palikuwa na ghasia, naye alinijia akitaka kuacha. Siku ya sita nilikaa nyuma ya darasa nikaona watoto wameanza kuhesabu kabla mwalimu hajaandika tarehe ubaoni.

Baada ya San Lorenzo sifa zilienea upesi. Mwaka 1909 Montessori alichapisha kitabu chake cha kwanza juu ya njia hiyo. Miaka michache baadaye aliacha mihadhara ya chuo kikuu na kazi ya tiba akajitoa kwa elimu peke yake. Mwaka 1913 alikwenda Marekani akapokewa kama malkia. Mwaka 1914 msomi wa Marekani, William Kilpatrick, akaandika kitabu kumkosoa, na kwa miaka mingi njia yake ikafifia nchini humo. Katika baadhi ya makosa aliyotajiwa palikuwa na ukweli. Alishikilia kwamba ni yeye peke yake awezaye kuwaandaa walimu wa njia yake, na kwamba vifaa visiongezwe wala kubadilishwa. Mtu aliyeling'oa kufuli la kabati alikuwa ameanza kufunga kabati jingine.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la siasa. Kuanzia mwaka 1924 Mussolini aliziunga mkono shule zake, naye akaukubali msaada huo. Huenda aliamini kwamba anaweza kuutumia utawala bila utawala kumtumia. Hakuweza. Serikali ile ilitaka watoto wa kutii amri, na hao hawatoki katika makabati yaliyo wazi. Kufika mwaka 1934 uhusiano ulivunjika na shule zake nchini Italia zikafungwa. Aliishi Hispania hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1936, kisha akahamia Uholanzi.

Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 69, alikwenda India pamoja na Mario kutoa mafunzo kwa walimu huko Adyar, katika jiji la Madras. Alitazamia kukaa miezi michache. Mwaka uliofuata Italia iliingia vitani, na Waingereza waliotawala India wakawahesabu kuwa raia wa adui: Mario akatiwa kizuizini, na mama akazuiwa kutoka katika eneo la Adyar. Tarehe 31 Agosti 1940, siku alipotimiza miaka 70, serikali ikamwachilia Mario kama zawadi, na katika taarifa hiyo akatajwa kuwa mwanawe. Jambo lililofichwa kwa miaka zaidi ya 40 likasemwa na serikali ya kigeni.

Wakabaki India hadi mwaka 1946. Katika miaka hiyo aliandaa walimu zaidi ya elfu moja. Huko Kodaikanal, milimani, alifanya kazi na watoto wa rika mbalimbali waliochanganyika pamoja, na mimea, wadudu na mawe ya mahali pale yakaingia katika masomo pamoja na vile vifaa vya mbao. Nadhani kufungiwa kwake kulimfungua. Alikuwa mbali na viwanda vilivyotengeneza vifaa vyake na mbali na mashirika yaliyogombea jina lake, na mbele yake walikuwapo watoto tena, kama zamani.

Alirudi Ulaya, akaendelea kusafiri na kufundisha. Mwezi wa Mei 1952 alikuwa katika nyumba ya marafiki huko Noordwijk, mji wa pwani wa Uholanzi. Alikuwa amealikwa kwenda Afrika Magharibi kuwaandaa walimu, naye alitaka kwenda. Alikuwa na umri wa miaka 81. Mario alimwambia kwamba afya yake haitaistahimili safari hiyo, na kwamba yeye angeweza kwenda peke yake akafundishe kwa niaba yake. Walikuwa wakilizungumza jambo hilo tarehe 6 Mei. Muda mfupi baadaye alifariki, akazikwa katika mji huo huo wa Noordwijk.